KADANI: Mzee aliyeanika siri, na propela iliyo chini ya gari lako



Leo nawaletea maisha ya mtu aliyefariki mwaka 1576, zaidi ya miaka 300 kabla ya gari la kwanza la petroli, lakini jina lake linatamkwa gereji kila siku ya Mungu. Ingia gereji ya Goma, Bukavu au Bujumbura, kule ambako maneno mengi ya magari yametoka kwenye Kifaransa, sema kadani, fundi anaangalia chini ya gari moja kwa moja. Sisi huku Tanzania tunasema propela, na kile kiungo cha mwishoni tunakiita krosi, kwa sababu ndani yake mna chuma chenye umbo la msalaba. Wajerumani nao wanatumia jina hilo hilo la kadani. Chuma ni kile kile: bomba linalotoa nguvu kwenye gia boksi na kuipeleka kwenye difu, lenye viungo viwili vinavyokunjika huku vinazunguka.

Jina limetoka kwa Gerolamo Cardano, Mtaliano. Daktari, mwanahesabu, mpiga ramli wa nyota, mcheza kamari. Ndiyo, vyote hivyo mtu mmoja! Na propela yenyewe hakuivumbua yeye, wala hakuwahi kudai kwamba ni yake. Tutafika huko.

Kwa nini nimwandike? Kwa sababu gereji zetu zina ugonjwa mmoja unaoitwa siri ya fundi. Kijana anakaa miaka mitatu anaosha vyuma kwa dizeli, halafu siku ya kufungua kazi ya maana anatumwa dukani akanunue soda, asije akaona. Mwenye gari akiuliza kilichoharibika, anaambiwa alete pesa tu, mengine hayamhusu. Matokeo yake ujuzi unakufa na mzee, na sisi wenye magari ya kuvuta miguu yote minne tunabadilisha krosi kila baada ya miezi kadhaa bila kujua kwa nini. Cardano aliishi kwenye dunia yenye ugonjwa huo huo. Yeye aliuvunja, na ulimtia kwenye ugomvi mkubwa.

MTOTO ASIYETAKIWA

Gerolamo alizaliwa Pavia, kaskazini mwa Italia, tarehe 24 Septemba 1501. Baba yake, Fazio Cardano, alikuwa mwanasheria wa Milano aliyependa sana hesabu, kiasi kwamba hata Leonardo da Vinci alikuwa akienda kumuuliza mambo ya jiometri. Lakini Fazio hakuwa amemuoa mama wa mtoto, Chiara. Mama mwenyewe alijaribu kuitoa ile mimba kwa dawa za mitishamba, ikagoma. Wakati huo tauni ilikuwa inaua watu Milano, mama akakimbilia Pavia kujifungulia, na huku nyuma watoto wake watatu wa mwanzo wakafa kwa tauni hiyo.

Basi bwana, hivyo ndivyo alivyoanza maisha. Mgonjwa mgonjwa, na kwa sheria za wakati ule ni mtoto wa nje ya ndoa. Alisoma udaktari Pavia na Padova akamaliza miaka ya katikati ya 1520. Akaomba kuingia kwenye chama cha madaktari wa Milano. Wakamkatalia. Sababu waliyoandika: hakuzaliwa ndani ya ndoa. Sababu nyingine ambayo watu waliijua ni kwamba mdomo wake haukuwa na breki.

Akaenda kutibu watu kijijini karibu na Padova, akaoa mwaka 1531 binti aitwaye Lucia. Pesa hakuna. Akarudi kwenye kamari, kete na karata. Akaweka rehani vito vya mkewe na vyombo vya nyumbani, mpaka familia ikaishia kwenye nyumba ya kulelea maskini mjini Milano. Kilichomtoa hapo ni hesabu. Mwaka 1534 alipata nafasi ya kufundisha hesabu Milano, nafasi ambayo baba yake aliwahi kuwa nayo, na pembeni akaendelea kutibu wagonjwa kimya kimya.

Mwaka 1536 akatoa kitabu kinachoeleza makosa ya kila siku ya madaktari wenzake. Hebu fikiria, mtu ambaye hajakubaliwa chamani anaandika kitabu kuwaumbua wenye chama! Walimchukia, lakini wagonjwa wakubwa wakaanza kumtafuta yeye. Mwaka 1539 chama kikashindwa kuendelea kumzuia, kikamkubali.

SIRI YA FUNDI, TOLEO LA 1539

Sasa tufike kwenye kisa chenyewe.

Zamani zile wanahesabu wa Italia waliishi kwa mashindano. Fulani anamtolea mwenzake changamoto hadharani, kila mmoja anampa mwenzake maswali, anayeshinda anapata heshima, wanafunzi na kazi. Kwa hiyo ukigundua njia mpya ya kukokotoa, huisemi. Unaificha kama fundi anavyoficha kipimo cha pampu ya dizeli.

Kulikuwa na mwalimu wa hesabu aitwaye Niccolò, mzaliwa wa Brescia. Mwaka 1512 askari wa Kifaransa walivamia mji wao na kumkata kwa upanga usoni akiwa mtoto, taya likapasuka, akapona lakini akabaki na kigugumizi. Watu wakamwita Tartaglia, maana yake ndiyo hiyo, mwenye kigugumizi. Jina la utani likawa jina la historia. Mwaka 1535 Tartaglia alishinda shindano kubwa kwa sababu aligundua namna ya kutatua milinganyo ya kipeo cha tatu, jambo ambalo wengi waliamini haliwezekani.

Cardano akaitaka ile njia. Akaomba, akakataliwa. Akaomba tena. Mwaka 1539 Tartaglia akaja Milano, akakubali kumpa, lakini kwa sharti: Cardano aape kwamba hataichapisha. Akaapa.

Cardano na kijana wake Lodovico Ferrari wakaanza kuifanyia kazi. Huyu Ferrari aliingia nyumbani kwa Cardano kama mtumishi akiwa na miaka 14. Cardano akaona kijana ana akili, akamfundisha kila kitu. Hakumtuma soda! Na yule kijana akaenda mbali kuliko mwalimu, akagundua namna ya kutatua milinganyo ya kipeo cha nne.

Shida ikawa hapo. Kazi ya Ferrari ilisimama juu ya ile siri, na siri imefungwa na kiapo. Mwaka 1543 wawili hao wakasafiri hadi Bologna, wakaonyeshwa daftari la marehemu Scipione del Ferro, profesa aliyefariki 1526. Mle ndani wakaikuta njia ile ile, imeandikwa miaka mingi kabla Tartaglia hajaigundua. Cardano akasema basi, siri hii haikuwa ya mtu mmoja.

Mwaka 1545 akachapisha kitabu chake kikubwa, Ars Magna, huko Nürnberg. Akaweka kila kitu wazi. Lakini angalieni hili: aliandika humo kwamba del Ferro ndiye wa kwanza, kwamba Tartaglia aligundua kivyake na ndiye aliyempa, na kwamba ya kipeo cha nne ni ya Ferrari. Kila mwenye chake akapewa chake.

Tartaglia hakutaka kusikia. Mwaka uliofuata akatoa kitabu chenye matusi dhidi ya Cardano, wakarushiana maneno kwa miaka, mpaka tarehe 10 Agosti 1548 Ferrari akapambana na Tartaglia hadharani Milano. Tartaglia aliondoka kabla mjadala haujaisha.

Je, Cardano alivunja kiapo? Mimi nasema kiapo alikivunja, na Tartaglia alikuwa na haki ya kukasirika. Ile njia ndiyo iliyokuwa chakula chake, na mtu maskini mwenye kovu usoni hakuwa na kingine cha kuuza. Lakini nasema pia kwamba bila kitabu kile, ile siri ingebaki kwenye madaftari na vifuani mwa watu wawili watatu. Mambo yote mawili ni kweli, na kila fundi anayefikiria kufundisha kijana anayajua yote mawili tumboni mwake.

PETE ZILIZOMPA JINA

Tuje sasa kwenye propela.

Mwaka 1550 Cardano alitoa kitabu kinene, De subtilitate, kuhusu maumbile, mashine na maajabu ya kila aina. Miongoni mwa vitu alivyovieleza ni ule mfumo wa pete zilizotundikwa moja ndani ya nyingine. Pete ya nje inapinduka huku na huku, ya ndani inapinduka mbele na nyuma, na kitu kilichoko katikati kinabaki kimelala sawa hata kinachokibeba kikiyumba. Dira za meli zimetundikwa hivyo kwa karne nyingi. Taa pia.

Hakuvumbua yeye. Philo wa Byzantium, karne ya 3 kabla ya Kristo, alieleza chombo cha wino kilichotundikwa kwa pete za namna hiyo, na Wachina walikuwa na vyetezo vya kufukizia vya aina hiyo wakati wa utawala wa Han. Cardano alieleza tu, kwenye kitabu kilichosomwa Ulaya nzima, na jina lake likaganda. Mtu aliyekuwa makini kutaja wenye mali akapewa mali isiyokuwa yake!

Ukielewa zile pete, umeielewa krosi. Siri ni mihimili miwili inayokatana kwa pembe mraba. Kwenye dira, mihimili hiyo inaruhusu kitu kitulie. Kwenye propela, mihimili hiyo hiyo inaruhusu nguvu ipite kwenye kona. Mwingereza Robert Hooke ndiye aliyekifanyia kazi hasa kiungo hicho cha kupitisha mzunguko, akaandika habari zake mwaka 1676. Ndiyo maana Waingereza wanakiita kwa jina la Hooke. Mwaka 1898 Louis Renault wa Ufaransa alitumia propela kwenye gari lake la kwanza badala ya mnyororo, na mwaka 1903 Mmarekani Clarence Spicer akapata hati ya ubunifu ya krosi ya magari, kisha akafungua kiwanda.

UGONJWA WA KRUSI NA DAWA YAKE

Hooke aligundua jambo ambalo mafundi wengi hawaambiwi mpaka leo. Kiungo cha krosi kikikunjwa, hakizungushi sawasawa. Upande wa gia boksi unazunguka kwa mwendo mmoja, lakini upande wa pili unakwenda haraka, unapunguza, unakwenda haraka, unapunguza, mara mbili kwa kila mzunguko. Kona ikiwa nyuzi 10, tofauti ni kama asilimia 1.5 juu na chini. Kona ikifika nyuzi 30, upande wa pili unapungua asilimia 13 na kuongezeka asilimia 15. Propela ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, hiyo ni mishtuko 5,000 kila dakika, inagonga beringi za gia boksi na za difu.

Dawa ni krosi ya pili. Krosi ya kwanza ikiharakisha, ya pili inapunguza kwa kiasi kile kile, na difu inapata mwendo uliotulia. Lakini dawa inafanya kazi kwa masharti mawili. Kwanza, kona za mwanzo na mwisho ziwe sawa. Pili, zile uma mbili zilizoko kwenye ncha za bomba zilale kwenye mstari mmoja.

Hapo ndipo gari zetu zinapoumia. Sharti la kwanza linavunjwa na mtu anayeinua gari kwa springi ndefu ili lipendeze, halafu hagusi kona ya difu. Sharti la pili linavunjwa gerejini. Propela katikati ina sehemu yenye meno inayoteleza, ili irefuke na kufupika gari linaporuka kwenye mashimo. Fundi anaichomoa, anaisafisha, anairudisha meno mawili pembeni. Macho hayaoni kitu. Gari likifika kilomita 80 kwa saa linatetemeka, unaambiwa ni tairi, unafanya balansi, bado. Nimeona Land Cruiser ya jamaa yangu ikibadilishwa krosi mara tatu kwa mtindo huo, gereji yenyewe siitaji, na dawa ilikuwa kuchomoa ile sehemu na kuirudisha kwenye alama yake. Dakika 40 tu.

Kwa hiyo naanika hapa. Nakili, bandika gerejini.

1. Kabla ya kulala chini ya gari, weka mawe au vigingi kwenye tairi zote nne. Hili ni la kufa na kupona. Kwenye Defender za zamani, na kwenye Suzuki za zamani kama SJ410, breki ya mkono haishiki magurudumu, inashika propela ya nyuma pale inapotokea. Ukifungua propela hiyo, breki ya mkono imekwisha kazi, hata kama umeivuta mpaka juu. Gari likiwa kwenye mteremko litakupitia juu.

2. Piga alama kwa rangi au patasi kabla ya kugusa nati hata moja. Alama kwenye flanji zote mbili, na alama pande zote mbili za ile sehemu ya kuteleza. Usifuate kanuni ya mstari mmoja kwa kichwa kichwa, kwa sababu zipo propela za mbele, kwa mfano za Land Cruiser 80, ambazo kiwandani uma zake zilipishanishwa makusudi kulingana na kona zake. Rudisha kama ulivyoikuta ilipotoka kiwandani.

3. Kagua. Weka gia huru, shika propela kwa mikono miwili, izungushe huku na huku, kisha isukume juu na chini. Krosi nzima haichezi hata kidogo. Ukiona unga mwekundu kama kutu pembeni ya kikombe, humo ndani hakuna grisi tena. Ukisikia mlio kama wa ndege ukitembea polepole, ni krosi kavu. Ukisikia ko! unapoondoka au unaporudi nyuma, imeshalegea.

4. Grisi. Mimi napiga kila kilomita 5,000, na kila nikivuka maji au tope la kufika kwenye propela. Futa kwanza kile kichwa cha kupigia grisi, la sivyo unasukuma mchanga ndani. Pampu mpaka grisi mpya itokeze kwenye vikombe vyote vinne. Kikitoa vitatu, kimoja kina kiu, na hicho ndicho kitakachokuua. Kwenye sehemu ya kuteleza usijaze kupita kiasi. Pampu mbili tatu zinatosha. Ukijaza sana, propela inakosa pa kufupikia, inasukuma beringi za gia boksi gari likitua kwenye shimo.

5. Kubadilisha. Toa vile vipete vinavyozuia vikombe. Tumia jiliwa na soketi mbili, ndogo ya kusukuma na kubwa ya kupokea kikombe. Nyundo nzito ndiyo inayopindisha uma. Wakati wa kurudisha, hakikisha zile sindano ndogo za ndani zimesimama zote. Moja ikilala chini ya kikombe, kipete hakiingii kwenye mfereji wake, na fundi mwenye haraka ataisukuma kwa nguvu. Geuza kichwa cha grisi mahali ambapo bomba la grisi litafika. Ukimaliza, krosi ijikunje kwa mkono bila kukwama na bila kulegea. Ikiwa ngumu, gonga uma kidogo kwa nyundo ya shaba ili vikombe vikae.

6. Ukikwama porini krosi ya nyuma imekufa, usiburuze. Fungua propela ya nyuma yote, ifunge ndani ya gari. Kwenye Land Cruiser ya kuchagua, funga habu za mbele, weka magurudumu manne, gari litavutwa na mbele mpaka nyumbani. Kwenye Defender funga difu ya katikati, la sivyo nguvu yote inakimbilia pale palipo wazi na hutatoka. Nenda polepole, na kumbuka namba 1 kuhusu breki ya mkono.

Kwenye magurudumu ya mbele yanayokata kona kuna kiungo cha aina nyingine, chenye gololi, kinachozunguka bila ile mishtuko. Hicho dalili yake ni ta-ta-ta ukikata usukani mpaka mwisho. Nitakiandikia siku yake.

UZEENI

Turudi kwa mzee wetu, maana hatujamzika.

Baada ya Ars Magna alikuwa daktari mwenye jina Ulaya nzima. Mwaka 1552 alisafiri mpaka Uskoti kumtibu Askofu Mkuu John Hamilton aliyekuwa anasumbuliwa na pumu. Miongoni mwa maagizo yake, aliondoa kitanda na mito ya manyoya ya ndege, akabadilisha chakula na ratiba ya kulala. Askofu akapata nafuu, Cardano akarudi na dhahabu nyingi. Njiani alipita London akampigia ramli mfalme kijana, Edward VI, akasema ataishi miaka mingi. Mfalme alifariki mwaka 1553 akiwa na miaka 15. Ramli, jamani!

Kisha yakaja majonzi. Mkewe alikuwa ameshafariki mwaka 1546. Mtoto wake mkubwa, Giovanni Battista, naye daktari, alioa mwanamke waliyegombana mfululizo, naye akatamka hadharani kwamba watoto si wa mumewe. Kijana akamuua mkewe kwa sumu. Cardano alipigania maisha ya mwanawe kwa kila alichokuwa nacho, ikashindikana. Tarehe 13 Aprili 1560 kijana alikatwa kichwa. Mzee hakupona jeraha hilo maisha yake yote. Akaondoka Milano, mwaka 1562 akaenda kufundisha udaktari Bologna. Mtoto wa pili, Aldo, alirithi kamari ya baba bila akili ya baba, akamwibia baba yake mpaka akafukuzwa mjini.

Mwaka 1570 mahakama ya dini ikamkamata. Kati ya mambo yaliyomponza ni kwamba aliwahi kuchapisha ramli ya nyota ya Yesu Kristo. Alikaa kifungoni miezi kadhaa, akatoka amekatazwa kufundisha na kuchapisha vitabu. Fikiria adhabu hiyo kwa mtu ambaye maisha yake yote alianika anachokijua! Akahamia Roma, Papa akampa posho, na mzee akakaa kuandika habari za maisha yake mwenyewe. Aliandika kila kitu: magonjwa yake, woga wake, kamari, aibu ya wanawe. Alifariki Roma tarehe 21 Septemba 1576, siku tatu kabla ya kutimiza miaka 75. Ikasambaa hadithi kwamba alikuwa ameitabiri siku yake, akajinyima chakula ili utabiri utimie. Watu hupenda hadithi za namna hiyo kuhusu wapiga ramli.

Mwaka 1663, miaka 87 baada ya kufa kwake, kazi zake zilikusanywa Lyon kwenye juzuu 10. Ndani yake kulikuwa na kijitabu kuhusu kete, ambamo alihesabu nafasi za kushinda na kushindwa kabla ya mwingine yeyote kuandika hesabu hizo kwa mpangilio. Yaani hata kamari iliyomfilisi aliigeuza ikawa somo.

Sasa wadau, mafundi mnaosoma hapa, nawaomba kitu kimoja. Kijana aliyeko gerejini kwako leo, mwite alale chini ya gari pamoja nawe. Mwonyeshe alama, mwonyeshe sindano ndani ya kikombe, mwambie ulijifunza kwa nani. Najua hofu yako: kesho atafungua gereji yake mtaa wa pili na kuchukua wateja. Inawezekana. Tartaglia alikuwa na hofu hiyo hiyo na haikuwa ya kipuuzi. Lakini gari lililofungwa na fundi asiyejua halichagui wa kumgonga, na linaweza kuwa limembeba mwanao.

Wenye magari, usiku wa leo chukua tochi, shuka, angalia kama propela yako ina grisi. Weka mawe kwanza.

Mwenye nyongeza, au mwenye njia bora ya kutoa vikombe vilivyoganda kwa kutu, aandike kwenye maoni hapo chini, na ataje alijifunza kwa nani.

Naomba kuwasilisha.